Mzigo wa Treni ya Bati

Pale Kericho, katika miaka ya thelathini, mashamba ya chai yalipokuwa bado yanaumega msitu kidogo kidogo, kulikuwa na Mkisii mmoja jina lake Nyang'au ambaye kazi yake ilikuwa kupiga magoti. Usicheke mapema. Wenzake walichuma chai, waling'oa visiki, waliungua macho kwa moshi wa kiwandani. Yeye alilipwa kupiga magoti kwenye sakafu ya mbao na kupakia mizigo kwenye treni ya bati, treni ya kuchezea, ambayo yote nzima, kichwa na mabehewa yake, ingeenea ndani ya kikapu kimoja cha kuchumia chai.

Mwenye treni alikuwa mhandisi wa kiwanda, Mzungu mpole asiye na mke wala mtoto. Wafanyakazi walimwita Bwana Goti, kwa sababu goti lake la kulia lilikauka vitani likagoma kukunjika. Vifurushi vilimjia kutoka Ulaya, na kila kifurushi kilikuwa na behewa jipya limefungwa kwa karatasi laini kama yai. Reli yenyewe aliitandaza kwenye baraza ndefu ya nyumba yake, ikapita chini ya viti, ikazunguka vyungu vya maua, ikarudi ilikotoka. Ila treni ya sakafuni inataka mtu wa sakafuni. Bwana alijaribu kuisogeza kwa mkongojo wake, akaipindua. Ndipo akamwuliza nyapara kama yuko mtu mwenye mikono mitulivu, na nyapara akamtaja Nyang'au, mchumaji ambaye jani halikuwahi kuchubuka mkononi mwake.

Basi Nyang'au akavikwa kanzu nyeupe kama boi wa nyumbani, akaoneshwa treni. Alidhani ataambiwa aifute vumbi. Kumbe Bwana alitaka mizigo.

"Gari tupu iko uongo," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Kila gari iko na mzigo yake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Behewa la makaa ya mawe lilijazwa vipande vya makaa yaliyopondwa. Behewa la magogo lilibeba vijiti vya mti wa muwati vilivyokatwa sawasawa na kufungwa kwa uzi. Kulikuwa na behewa la madebe ya maziwa, madebe yenyewe madogo kama punje za mahindi, na behewa la mapipa, na behewa la ng'ombe lenye ng'ombe wa bati waliotoa vichwa nje ya nafasi za mbao. Kulikuwa na lenye winchi ya kunyanyulia mizigo, ambayo Nyang'au aliizungusha kwa ncha ya kidole kidogo. Na mwishoni kabisa kulikuwa na behewa lililofunikwa, lenye mlango wa kusukuma na komeo lake, ambalo Bwana alilipenda kuliko yote kwa sababu lilibeba chai. Nyang'au ndiye aliyetengeneza masanduku ya chai hiyo kwa mbao za viberiti, akayatandika ndani karatasi ya madini ya risasi ya kufungia chai, iliyobaki kiwandani, akatia chai halisi. Bwana Goti alipoyaona, akampa mkono, jambo ambalo Wazungu wa pale hawakuzoea kulifanya.

Kila alasiri, baada ya king'ora cha kiwanda, Bwana aliketi akanyoosha mguu, Nyang'au akaikaza kamani ya treni, ile springi yake, kwa ufunguo, akaiachilia. Treni ilipofika kwenye chungu cha kwanza cha maua, ilipasa kupiga king'ora, na kwa kuwa bati halina king'ora, Nyang'au alikipiga kwa mdomo. "Kuuuu," na Bwana akatabasamu, na treni ikapita.

Aliipenda kazi hiyo. Lazima isemwe, maana aibu yake yote ilianzia hapo. Angekuwa anaichukia angeweza kumsimulia mtu yeyote, akalalamika, akachekwa, yakaisha. Lakini aliipenda, mtu mzima mwenye mke na watoto, na usiku kwenye kambi alijilaza akiwaza namna ya kumpatia ng'ombe mmoja wa bati mkia mpya. Jambo la namna hiyo humwambii mtu.

Siku moja, akiwa likizo nyumbani milima ya Kisii, alikaribishwa kwa wakwe zake. Mkewe Bitutu alikuwa amebaki huko akilima, na boma la wazazi wake lilikuwa ng'ambo ya bonde tu. Baba mkwe, Mzee Orina, alikuwa mtu wa kupenda kujua mambo, na mbele ya majirani akamuuliza mkwewe kama huko Kericho anachuma majani kama wanawake na watoto. Pembeni aliketi Mokaya, jirani aliyewahi kufanya kazi Kisumu na ambaye hakuacha mtu asahau hilo. Mokaya alikuwa ameanza kutabasamu kabla jibu halijatoka.

"Mimi siko kwa chai, baba," Nyang'au akasema. "Niko kwa treni. Napakia mabehewa ya mizigo pale stesheni ya Lumbwa."

Angeweza kuishia kabla ya kuitaja Lumbwa. Aliitaja mwenyewe, bila kusukumwa, na Lumbwa alikuwa hajawahi hata kuiona. Basi ikawa ni uongo kamili, wenye mahali na jina. Na kwa kuwa watu walimkodolea macho, aliendelea. Aliwasimulia winchi inayonyanyua magogo kama mtu anavyonyanyua kijiko. Akawasimulia ng'ombe wanaosafiri wakichungulia nje, na behewa lililofunikwa, lenye mlango wa kusukuma, ambalo mvua hailiwezi. Yote aliyajua kwa kuyashika. Alichoacha kusema ni bati tu, na udogo. Tabasamu la Mokaya likafutika, wazee wakatikisa vichwa, na tangu siku hiyo Orina hakumtaja tena kwa jina lake. Alimwita mkwe wangu wa reli. Bitutu aliamini kuliko wote, akawafundisha watoto kuimba treni ya baba yao. Nyang'au aliwasikiliza wakiimba, akatoka nje kama mtu anayekwenda kutazama hali ya mvua.

Kule jikoni, mama mkwe wake Nyanchoka naye alikuwa amesikia yote. Hakuketi na mkwewe, maana kwa Wakisii mama mkwe na mkwe hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, wala mmoja hapaswi kumwona mwingine katika hali isiyo ya heshima. Wao huiita chinsoni, na hawaifanyii mzaha. Lakini ukuta wa udongo hauzibi masikio, na Nyanchoka alilishika lile neno la behewa lisilopata mvua akaliweka moyoni.

Msimu wa mvua ulipofika, mtu mmoja aliyerudi kutoka mashamba ya Njoro alileta habari za Lazarus, kaka yake Bitutu, aliyekuwa akikama ng'ombe wa Mzungu huko. Lazarus alikuwa anaumwa tumbo. Posho ya mahindi ya shambani haikukaa tumboni mwake, na amekonda hata suruali inafungwa kwa kamba. Alichokuwa akikiomba ni uji wa wimbi ya nyumbani. Nyanchoka hakulia. Alichukua wimbi yake bora, akaisaga kwenye jiwe mwenyewe, akaitia gunia safi, akaishona. Mzee Orina alikuwa ameitwa kwenye baraza la chifu kwa kesi ya shamba, kwa hiyo mama akamchukua jirani yake Sellah, wakajitwika mzigo kwa zamu, wakashika njia ya Kericho kupitia Sotik na Roret, kwa miguu, kumfuata mkwe mwenye mabehewa.

Huko Kericho, kwenye kambi ambako Bitutu alisema mumewe hulala, waliuliza habari za Nyang'au wa reli. Wachumaji wakapasuka kwa kicheko. Wa treni? Huyo yuko kwa Bwana Goti, pandeni tu kijia hicho, mtamwona barazani.

Siku hiyo mvua ilikuwa imelaza kazi, na Bwana aliita treni mapema. Nyang'au alikuwa amepiga magoti akiwa ameipa bustani mgongo. Kanzu alikuwa ameipandisha na kuifunga kiunoni ili isipindue mabehewa, mapaja yote nje, makalio juu, mashavu yamejaa upepo. Treni ikafika kwenye chungu cha maua. "Kuuuu," akapiga, na alipovuta pumzi ya pili akasikia mlio mdogo nyuma yake, wa chuma kwa chuma.

Mlio huo aliujua. Ulikuwa wa pete za mguuni, zile ambazo mwanamke wa Kisii huvalishwa akiolewa na ambazo hugongana anapotembea. Akachungulia chini ya kwapa lake. Aliona miguu miwili yenye tope la safari ndefu, imesimama kwenye nyasi za Bwana, na juu yake gunia, na chini ya gunia uso wa mama aliyemzaa mkewe. Macho yao yalikutana. Halafu Nyanchoka akalitua gunia nyasini, akajifunika uso kwa shuka, akageuka, na pete zikashuka kijia upesi upesi.

Nyang'au hakuinuka. Treni ilizunguka, ikapita karibu na mkono wake, ikazunguka tena hadi kamani ikaisha. Kama sakafu ile ingefunguka angeingia bila kuulizwa. Bwana akamuuliza kama anaumwa, naye akajibu kuwa ndiyo.

Kisha kutoka nyuma ya ua wa miti, mbali, kikasikika kikohozi. Kikohozi kikubwa, cha makusudi, cha mgeni anayetaka wenyeji wajue anakuja. Kikafuatwa na kingine. Baadaye Sellah akajitokeza langoni peke yake, akatazama mbinguni, akatazama maua, akasema maneno ambayo bila shaka alikuwa ametumwa kuyasema.

"Mama mkwe wako yuko hapo nyuma ya ua. Ndio tunafika sasa hivi."

Ndio tunafika sasa hivi. Nyang'au alifungua kanzu kiunoni, akaishusha hadi kwenye vifundo vya miguu, akatoka. Alisimama upande wake wa ua, mama upande wake, majani katikati, kila mmoja akitazama ardhi yake. Wakasalimiana kama inavyopasa. Sauti ya mama haikuwa na kitu ndani yake, wala kicheko wala hasira. Alimweleza habari za Lazarus na tumbo lake, akamwambia kuwa mzigo ameuacha kwenye nyasi.

"Mkwe, uuweke kwa lile behewa la kufunikwa," akasema. "Usipate mvua."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Majani yalikuwa katikati, hakuna aliyemwona mwenzake, na neno moja lingetosha. Nyang'au alifungua mdomo.

"Sawa, mama. Nitauweka," akasema, na masikio yake yakawaka moto.

Wale wanawake walilala kwa watu wa kwao kambini, asubuhi wakaondoka. Lori la chai lilikuwa limekwama kwenye matope ya barabara, na hakuna aliyejua litatoka lini. Nyang'au aliomba ruhusa kwa Bwana, akajitwika gunia kichwani, akaanza kwenda Lumbwa kwa miguu. Alipita Chepseon mvua ikimpiga, gunia amelifunika kwa kanzu yake, yeye mwenyewe kifua wazi. Watu waliomuuliza anakwenda wapi aliwajibu kuwa reli, na neno hilo lilimchoma kila lilipotoka.

Alipofika stesheni akasimama. Treni ya mizigo ilikuwa imeegeshwa, na Nyang'au, ambaye ameisimulia kwa kirefu vile, alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Sakafu ya behewa ilimfika kifuani. Gurudumu moja lilikuwa zito kuliko mali yake yote. Behewa la ng'ombe lilinuka, na ng'ombe wake walikuwa wanalia. Wapakiaji, wanaume wenye shingo nene, walirusha magunia kwa kuimba, na hakuna hata mmoja aliyepiga magoti. Alijiona mjinga. Alikumbuka alivyomwambia Orina siku nyingine kuwa hurukia ndani ya behewa likiwa linatembea.

Karani wa mizigo alikuwa Mjaluo aitwaye Okoth, mtu wa haraka mwenye penseli sikioni. Alipokea gunia, akalipima, akaandika Njoro, akaita mpakiaji aje alichukue. Nyang'au akaling'ang'ania.

"Naomba niuweke mzigo mwenyewe," akasema. "Kwa behewa la kufunikwa."

Okoth akamwangalia, mtu mwenye tope hadi magotini na kanzu iliyoloa imeviringwa begani. "Wewe ni mtu wa reli?"

"Hapana," akasema Nyang'au.

Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Mgeni kamuuliza mara moja, naye kamjibu. Wale aliokula nao ndio waliomshinda. Akamwambia Okoth kwamba mgonjwa ni shemeji yake, na kwamba alimwahidi mama wa mgonjwa huyo kuwa atauweka mzigo kwa mikono yake, na maneno mengine yote aliyowahi kuwaambia wakwe zake yalikuwa hewa. Okoth hakuelewa yote, lakini alinyoosha penseli kuelekea behewa. Nyang'au alipanda kwa shida, akajikwaruza tumbo. Ndani palikuwa pakavu. Aliliweka gunia kwenye kona iliyo mbali na mlango, akalipapasa kuona kama limelowa, akashuka, akaomba kuusukuma mlango mwenyewe. Komeo lilikuwa sawa na lile la bati, ila nene kama mkono wake. Alilifunga, akabaki amelishika, hadi wenye kazi yao walipomwambia asogee.

Unga ulifika. Lazarus alipona, na mwisho wa mwaka akarudi nyumbani kuwaamkia wazazi. Nyang'au naye alikuwa likizo, wakaitwa wote kwa Mzee Orina, watu wakajaa, kuku akachinjwa. Mokaya alikuwa amekula akashiba ndipo akajifuta mdomo. Akasema kwamba safari hii amepita Lumbwa, na kwa kuwa yeye ni mtu wa watu, aliuliza habari za kijana wetu Nyang'au. Ajabu ni kwamba pale stesheni hakuna anayemjua. Karani hamjui. Wapakiaji hawamjui.

Mzee Orina alimtazama mkwewe akingoja acheke, na Nyang'au hakucheka. Tonge la wimbi lilikuwa mdomoni mwake, limekuwa kama mchanga. Alimwona Bitutu mlangoni amebeba maji, amesimama bila kuyatua. Akajua kwamba aibu imefika.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta.

"Mokaya, unga wa Lazarus nani aliupeleka?" akauliza Nyanchoka. "Nilimpa mkwe wetu. Lazarus yuko hapo, muulize kama alikula."

Lazarus akasema alikula. Akasema unga ulifika mkavu kabisa, mvua ikiwa imemwagika njia nzima, na watu wa stesheni ya Njoro walimwambia umetoka Lumbwa ndani ya behewa lililofungwa vizuri. Orina akapiga paja lake kwa furaha. Mokaya akasema basi labda aliuliza watu wageni, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ngozi. Mambo yakaisha hivyo, na Nyang'au akaketi hapo katikati ya sifa zake akitamani angechekwa. Mwanamke aliyemwona na mapaja nje, akipuliza mashavu kama mtoto, ndiye aliyesimama kumkinga, na hakuweza hata kumshukuru, kwa sababu kumshukuru ni kukiri mbele yake kwamba alionwa.

Asubuhi alifunga safari ya kurudi Kericho. Bitutu akamsindikiza hadi kivukoni, amekumbatia kitu kilichoviringwa kwa majani ya mgomba. Akampa. Mama yake ndiye aliyekituma jana baada ya watu kutawanyika, na alisema tu kwamba ni cha kazi.

Nyang'au akafungua majani. Ilikuwa ngozi ya mbuzi, imekwanguliwa hadi ikalainika kama kitambaa, imepakwa mafuta, imekunjwa mara mbili na kushonwa pembeni kwa mshono ule ule wa gunia, katikati imejazwa sufi ya kondoo. Kulalia ilikuwa ndogo. Kuketia ilikuwa nyembamba. Aliishika kwa mikono miwili, na kabla hajamaliza kuigeuza akajua upana wake umepimwa kwa kitu gani, akaketi chini kwenye nyasi zenye umande, akaificha sura yake ndani yake.

Bitutu alichuchumaa karibu naye, akaibonyeza ile ngozi kwa vidole, pande zote mbili, asielewe.

"Ni ya nini, baba watoto?"

"Ya magoti."

"Kwani kazi ya reli watu hupiga magoti?"

"Yangu ndiyo," akasema Nyang'au, na akaanza kumweleza, tangu behewa la kwanza.